UZI: Septemba 1963. Nambari 1 mbili kwa mpigo, na bado mshindi wangu ni Spider-Man nambari 4

Mwana_Kibokoni (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam aleikum na hamjambo nyote. Kura zimehesabiwa, mwezi wetu ni Septemba 1963. Kwa wageni: tunachukua mwezi mmoja wa komiki za mashujaa, tunasoma tunazoweza kuzipata, kisha tunakuja kugombana hapa. Usisome muhtasari mtandaoni ukaja kujitia umesoma. Huwa tunajua.

Tuelewane kwanza juu ya tarehe. Septemba ndio mwezi ulioandikwa jaladani, lakini komiki zenyewe ziliingia sokoni kati ya Juni na Julai. Tarehe ya jaladani ilikuwa ya kumwambia muuza magazeti lini aziondoe rafuni, si lini azipange. Bei yake senti 12 za Marekani. Wakati huo pauni moja ilikuwa dola 2.80, na pauni hiyohiyo shilingi 20 zetu za Afrika Mashariki, kwa hivyo komiki moja ingekutoka kama senti 85 hivi. Na Julai ile sisi huku Mombasa tulikuwa kati ya Madaraka na Uhuru, Mwambao wenyewe kisheria ukiwa bado wa Sultani wa Zanzibar. Nalitaja hilo kwa sababu nilipokuwa nikisoma nilikuwa najiuliza kijana wa Makadara angeziona vipi.

Sasa kazi.

The Avengers nambari 1, ya kampuni ya Marvel. Hii ndiyo watu wanayoitolea macho ikifika mnadani. Hadithi yenyewe je? Loki, mungu wa hila, amefungiwa kisiwani huko Asgard, makao ya miungu, na anataka kumchokoza ndugu yake Thor. Anamwonesha Hulk baruti ya kiinimacho kwenye reli, Hulk anaruka kuinusuru treni, daraja linavunjika, lawama zote juu yake. Rick Jones, rafiki wa Hulk, na vijana wenzake wanatuma ujumbe wa redio kwa Fantastic Four, Loki anaupindisha umfikie Thor, na kumbe umewafikia pia Iron Man, Ant-Man na Wasp. Mpaka hapo mambo yanakwenda. Lakini Hulk, lile jitu la kijani linalosakwa na dunia nzima, mwadhani limejificha wapi? Sarakasini! Limepakwa rangi usoni kama chale, linajifanya roboti linaloitwa Mechano, watu wanalipa kiingilio kulitazama. Nilicheka kwenye matatu hadi kondakta akaniuliza kulikoni.

Ukishacheka, hesabu. Mashujaa watano, kurasa ishirini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kuwa mtu. Loki anaishia kutumbukia kwenye tangi lenye kuta za madini ya risasi, kazi ya sisimizi wa Ant-Man. Kisha Ant-Man anasema tuungane, Wasp anatoa jina, kwisha. Captain America mnayemtafuta hayumo, atakuja nambari 4. Hulk naye nambari 2 keshawahama. Jalada ni tamu kuliko kilicho ndani.

The X-Men nambari 1. Mpangilio wake ni bora kidogo. Vijana wanne waliozaliwa na nguvu za ajabu wako shuleni kwa Profesa Xavier, wa tano anawasili, ni msichana, na wote wanakimbilia dirishani kumchungulia. Beast anajaribu kumbusu kwa nguvu, Jean Grey anamrusha hewani kwa akili yake tu bila kumgusa. Safi kabisa. Kisha Magneto, mhalifu mwenye nguvu za sumaku, anateka kituo cha jeshi, anaandika vitisho vyake angani kwa vumbi, vijana wanakwenda kumtoa, anatoroka. Kwisha tena. Iceman amechorwa kama sanamu la theluji, si yule wa barafu mliyemzoea. Na Beast anaongea kama mpiga debe, ule ufasaha wake wa kisomi bado hajapewa.

The Amazing Spider-Man nambari 4. Hapa nitakaa.

Komiki inaanza na Spider-Man akiwavamia wezi walio karibu kuingia duka la vito. Wezi wanamgeukia: kwani sisi tumefanya nini? Hatujaiba kitu! Wanamwitia polisi, na shujaa ndiye anayetimka. Hebu fikirieni hilo mwaka 1963, wakati kule DC, kampuni shindani, shujaa akitokea tu kila mtu anapiga makofi.

Halafu anakuja Sandman. Mhalifu aliyetoroka jela, akajificha ufukweni palipokuwa pakijaribiwa bomu la atomiki, mwili ukageuka mchanga. Ukimpiga ngumi mkono unapenya. Katika pambano la kwanza barakoa ya Spider-Man inachanika, naye anakimbia. Hakimbii kwa kushindwa, ni kwamba watu wataiona sura yake. Anarudi kwa shangazi yake, anajifungia chumbani, anatoa sindano na uzi anaanza kuishona. Kijana mwenye nguvu za kubeba gari anahangaika na sindano! Kwangu mimi fremu hizo chache zimebeba zaidi ya Avengers yote, kwa sababu ndani yake mna shangazi asiyejua, mna umaskini, mna aibu, na hakuna aliyerushwa ukutani.

Mwishowe anamnasa kwa mashine ya kuvuta vumbi ya shuleni. Na kwa kuwa hakupata picha za kumuuzia bosi wake mkali, anarusha mchanga juu, anajipiga picha mwenyewe kama anapigana, anapeleka gazetini. Shujaa anaghushi picha! Mchoraji ni Steve Ditko, maneno ya Stan Lee, na humohumo ndimo anamotokea Betty Brant, karani wa gazeti hilo, kwa mara ya kwanza.

Zilizobaki, haraka: Fantastic Four (FF) nambari 18, Super-Skrull, adui wa sayari nyingine mwenye nguvu za wote wanne, nzuri sana, nitairudia mkitaka. Tales of Suspense nambari 45, Iron Man akiwa bado kwenye chuma cha rangi ya dhahabu. Adui wa barafu si kitu, ila humo ndimo wanamoingia wasaidizi wake, Happy Hogan na Pepper Potts. Journey into Mystery nambari 96, Thor na Merlin. Nimeisoma.

Basi hoja yangu ndiyo hiyo. Nambari 1 ina bei, si lazima iwe na hadithi. Karibuni mnipige.

---

UmemeMwekundu

Mwana, kwani dunia ni Marvel peke yake? Mwezi huohuo kuna The Flash nambari 139, na ndani yake anazaliwa Reverse-Flash, adui wa shujaa wa mbio Flash! Vazi la Flash linawekwa kwenye kasha la kumbukumbu na kupelekwa karne ya 25, mhalifu wa huko analipata, analipindua rangi, analifanya njano, na kasi anaipata. Mwandishi John Broome, mchoraji Carmine Infantino. Mtazame Infantino anavyochora mbio: mwili umelala mbele, mistari imenyooka nyuma yake, na mji wa kando ni mwembamba na msafi. Jack Kirby wa Marvel akichora mbio unaona misuli, ila kwa Infantino unaona kasi yenyewe.

Na Justice League of America nambari 22, sehemu ya pili ya hadithi iliyoanza Agosti, ambapo timu ya sasa inakutana na timu ya wazee ya miaka ya arubaini, Justice Society, kutoka dunia nyingine. Kila mkisikia neno "Crisis" kwenye komiki za DC, chimbuko ni hapo. Kama mwezi wenyewe una mambo hayo na wewe unaupa ushindi utumbuizo wa sindano, shauri yako.

---

Mwana_Kibokoni

@UmemeMwekundu ndugu yangu, nimezisoma zote mbili. Flash naikubali, tena sana. Ile JLA lakini? Watu ni wengi mno. Mike Sekowsky anawapanga kama picha ya harusi, kila mtu sharti aonekane, na hakuna anayesema neno utakalolikumbuka kesho. Ugonjwa wake ni uleule wa Avengers.

---

Mwalimu_Kisauni

Mmeruka tukio kubwa kuliko yote kwenye hiyo Spider-Man, na mimi kama mwalimu siwezi kunyamaza.

Sandman anakimbilia shuleni kujificha. Akiwa mle anakumbuka kuwa hakumaliza masomo, basi anamwendea mwalimu mkuu na kumwamuru ampe cheti cha kuhitimu. Hivihivi, kwa vitisho. Na mwalimu mkuu, mtu mzima asiye na nguvu yoyote, mbele ya jitu la mchanga, anakataa! Cheti hutolewa kwa aliyekifanyia kazi, basi.

Jamani, katika nchi ambayo tumesikia ya vyeti bandia hadi masikio yamechoka, yule mwalimu ndiye shujaa wangu wa mwezi. Nimewasomea fremu hizo Kidato cha Pili wangu, nikiwatafsiria papo hapo. Mmoja akauliza: "Tichaa, sasa kwa nini Sandman hakwenda tu kununua?" Darasa likaanguka.

---

FundiCherehani

Na mimi naingia hapo penye sindano. Kazi yangu ni kushona, nina kibanda Mwembe Tayari. Nimezitazama zile fremu nikazikuza kwenye simu. Ditko alimwona mtu akishona, hakukisia. Peter, yaani Spider-Man bila barakoa, kaivuta nguo karibu na uso, mabega kayapandisha, kaishika kama mtu anayeogopa kujichoma. Fundi haketi vile, anayeketi vile ni kijana ambaye hajawahi kushona hata kifungo. Mchoraji asiyejali angemchora kama fundi.

Ila swali: vazi lile lenye mistari ya utando kote, nani alimshonea la kwanza? Mimi ningetaka wiki nzima na malipo ya awali.

---

BintiTudor

Naja kuitetea X-Men. @Mwana_Kibokoni, umeisoma kwa haraka, ama umeamua kuwa mkali makusudi.

Toleo hili lipo madukani Julai 1963. Agosti 28 mwaka huohuo watu zaidi ya laki mbili wanaandamana Washington kudai haki za Weusi. Na hapa kuna komiki ya vijana waliozaliwa tofauti, wanafichwa kwenye shule, wanafunzwa kuwatetea watu walewale wanaowaogopa. Profesa Xavier anamwambia Jean wazi kuwa alipokuwa kijana watu wa kawaida walimwogopa, na kwamba dunia haijawa tayari kuwapokea. Hutaki hadithi, hiyo nini?

---

Mwana_Kibokoni

@BintiTudor dada, hiyo ni sehemu ndogo ya ukurasa mmoja. Imo, sikatai. Lakini mwisho wa komiki hiyohiyo, jemadari wa jeshi anawashukuru vijana kwa furaha zote. Iko wapi chuki? Roboti za Sentinel zilizoundwa kuwawinda hazitokei mpaka nambari 14, mwaka 1965. Na Magneto wa mwezi huu hana huzuni yoyote, ni mtu mwenye kofia ya chuma anayetaka kutawala dunia. Ile historia yake ya Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi ni kazi ya Chris Claremont, mwandishi wa baadaye wa X-Men, miaka karibu ishirini baadaye. Watu wanaichukua X-Men ya Claremont, wanairudisha nyuma na kuimwagia juu ya nambari 1. Tunasoma kilichochapishwa, si tunachokikumbuka kutoka sinema.

---

BintiTudor

Sikumwagia chochote. Mbegu ni mbegu hata kabla ya mvua. Na nikwambie jambo jingine: hiyo mbegu ndiyo iliyotuletea Storm, mwaka 1975, kwenye Giant-Size X-Men nambari 1. Xavier anamkuta wapi? Kenya! Mama yake Mkenya. Watu wanamwabudu kwa sababu analeta mvua. Ndiyo, Kenya yenyewe imechorwa na mtu ambaye ni dhahiri hakuwahi kufika, hakuna hata duka moja lenye tangazo la soda. Lakini ni sisi.

---

UmemeMwekundu

Mkiendelea kuisifu X-Men kwa ubunifu, nami nitawakumbusha Doom Patrol. DC, My Greatest Adventure nambari 80, Juni 1963. Watu wa ajabu wasiokubalika na jamii, wakiongozwa na msomi mwenye akili nyingi aliye kwenye kiti cha magurudumu. Juni! Arnold Drake aliyeiandika baadaye alikuja kuamini kuwa wazo lilivuja.

Na mkitaka uchungu zaidi: kampuni iliyokuwa ikisambaza komiki za Marvel wakati huo, Independent News, ilikuwa mali ya haohao wenye DC. Marvel hawakuruhusiwa kutoa majina wapendavyo. Avengers na X-Men zilianza kwa kutoka kila baada ya miezi miwili. Kwa hiyo mnaposherehekea, mjue mlikuwa wapangaji kwetu.

---

RangiZaMatatu

Mimi nachora matatu na tuktuk, sisomi sana maneno, natazama mkono wa mchoraji. Kwa hivyo nawaambia nilichokiona.

Jack Kirby mwezi huo alichora kurasa za ndani za Avengers, X-Men, Fantastic Four na Sgt. Fury (komiki ya vita), na majalada juu yake. Mtu mmoja, na penseli. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini Avengers ina fremu nyingi ambazo nyuma ya mtu hakuna kitu, ni rangi tupu ya njano au ya samawati. Si uvivu huo. Ni mtu anayekimbizana na tarehe. Lakini mpe nafasi aliyoipenda, kama FF nambari 18, uone. Super-Skrull ana mikono ya mawe ya Thing, anarefuka kama Reed, wote wa Fantastic Four, anawaka moto, anapotea machoni. Kumchora adui mwenye miili minne na bado ujue ni yuleyule, hiyo si kazi ya mchezo. Na namna wanavyomshinda ni ya akili: nguvu zake zinaletwa na miale kutoka sayari yake, basi wanaiziba, anabaki mtu wa kawaida, wanamfungia ndani ya volkano.

Ditko yeye ni mwembamba. Anapenda fremu ndogo nyingi, tisa kwa ukurasa mara nyingi, na vidole virefu vilivyopinda. Mimi nikichora gari naanza na macho, kwa sababu gari linalopita kasi Digo Road utaona macho tu. Spider-Man hana mdomo, hana pua, ana macho makubwa meupe, na bado unajua ana hofu au anacheka. Yote yako mabegani na vidoleni. Ndiyo maana kijana akija na gari lake hasemi "nichoree Thor". Anataka Spider-Man.

---

Mzee_wa_Makadara

Vijana wangu, nimewasoma nyote. Hakuna aliyeigusa Sgt. Fury nambari 3. Najua mtasema si ya mashujaa, ni ya vita, ila Reed Richards wa Fantastic Four anapita humo, kwa hiyo ina haki ya kuwepo mezani.

Kikosi kile kina Gabe Jones, askari Mweusi, mpiga tarumbeta, anapigana bega kwa bega na Wazungu katika Vita vya Pili. Katika vita vya kweli haikuwa hivyo. Jeshi la Marekani lilitenga Weusi na Weupe mpaka amri ya Rais Truman ya 1948. Komiki ilisema jambo ambalo jeshi halikulifanya. Na katika nambari 1, Mei mwaka huohuo, wapaka rangi wa kiwandani walimpaka Gabe rangi ya Mzungu, hawakudhani kuwa yawezekana akawa Mweusi. Mwanangu BintiTudor, kama unatafuta habari ya haki katika mwezi huu, mimi naiona hapo kuliko pale kwa Profesa. Mashujaa Weusi wenye nguvu wangoje, Black Panther mpaka Julai 1966.

Ama hilo la kijana wa Makadara angeziona vipi, mimi ndiye kijana mwenyewe. Mwaka ule tulikuwa tunabishana kuhusu Mwambao, nani atatawala, bendera gani. Baba yangu hakuwa na haja na mtu anayeruka. Lakini kijana anayetafutiwa kosa na gazeti kila siku ilhali anatenda mema, huyo nadhani angemwelewa.

---

BintiTudor

Mzee wangu, shikamoo. Kwa Gabe Jones umenishinda, nakubali. Kwa Xavier bado nimekaa palepale.

---

Mwana_Kibokoni

Marahaba za Mzee tumegawana, asante. @RangiZaMatatu, hilo la mabega ndilo nililokuwa nikilitafuta nikashindwa kulisema.

Msimamo wangu haujasogea. Kwa mwezi huu: Spider-Man nambari 4 juu, FF nambari 18 karibu yake, Flash nambari 139 ya tatu (@UmemeMwekundu, furahi), X-Men nambari 1 ya nne kwa ajili ya Jean tu, na Avengers nambari 1 chini, pamoja na chale wake. Thor na Merlin sijawapa namba.

Mwezi ujao wa kusoma: nimependekeza Machi 1964. Kuna Avengers nambari 4, Captain America anatolewa ndani ya barafu, na safari hii nawaahidi hadithi ipo. Kuna X-Men nambari 4 yenye Scarlet Witch na Quicksilver. Na Journey into Mystery nambari 102, ambamo kule nyuma, kwenye kurasa chache za visa vya Asgard, wanatokea Sif na Hela.

---

UmemeMwekundu

Na DC?

---

Mwana_Kibokoni

Chagua wewe mbili, uziweke hapa kabla ya Ijumaa.

---

FundiCherehani

Daredevil je? Nasikia vazi lake la kwanza lilikuwa njano, nataka nilione.

---

Mwana_Kibokoni

Daredevil nambari 1 ni Aprili 1964, fundi. Utangoja.